Klachi ya gari lako kuukuu inateleza? Soma hii kabla ya kuingia chini na spana

UNAPANDA mlima wa Mai Mahiu ukielekea Limuru. Nyuma umejaza magunia ya vitunguu uliyotoa Naivasha alfajiri. Unakanyaga mafuta, injini inalia kama trekta, lakini gari haliongezi mwendo. Lori la mchanga linakupita polepole, utingo anakuangalia kwa huruma. Halafu inakuja ile harufu ya kitu kilichoungua, na madirisha yote yako wazi.

Hapo ndipo nilipojua klachi yangu imekwisha.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla 100, yale yaliyoanza kuundwa Japani mwaka 1991. Unayajua. Yamejaa mitaani, yamepita mikono mingi kuliko noti ya shilingi 50, na bado yanatembea. Kwa kuwa Kenya hairuhusu mtu kuagiza gari lililopitisha miaka 8 tangu kuundwa, haya ya zamani ya gia za mkono hayaongezeki. Yanauzwa kutoka kwa mtu hadi mwingine, na pengine moja limekufikia wewe likiwa gari lako la kwanza.

Fundi aliponitajia bei ya kazi, nilishika kichwa. Spea ningenunua, lakini pesa za ufundi zingemeza faida ya wiki mbili za mboga. Nikajiambia: mimi nina mikono, ndugu yangu mdogo ana mikono, simu ina bando. Tutafanya wenyewe Jumamosi moja.

Haikuwa Jumamosi moja. Nitakueleza kilichotokea, lakini kwanza twende hatua kwa hatua, ili wewe ukiamua kufanya ufanye ukijua unaingia wapi.

Kwanza hakikisha ni klachi kweli

Klachi si kitu cha ajabu. Kuna gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya injini, mafundi huliita flaiwili. Kuna sahani yenye ngozi ngumu pande zote mbili, ambayo imeingia kwenye shafti ya giaboksi. Halafu kuna presha pleti, inayoibana ile sahani kwenye flaiwili kwa springi kali. Zikibanana, nguvu za injini zinafika kwenye magurudumu. Ukikanyaga pedali, beringi moja inasukuma springi, sahani inaachiliwa, nawe unabadilisha gia.

Ngozi ya sahani ikiisha, kubanana kunapungua. Injini inazunguka, gari linabaki nyuma. Utaona zaidi ukiwa kwenye gia ya tatu au ya nne, mlimani, ukiwa umebeba mzigo.

Kuna jaribio rahisi. Simamisha gari mahali tambarare pasipo na mtu mbele wala nyuma. Vuta breki ya mkono hadi mwisho, weka mguu kwenye breki, ingiza gia ya tatu, kisha achilia klachi taratibu. Klachi nzima itaizima injini mara moja. Injini ikiendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea, jibu umepata. Fanya mara moja tu, usirudie rudie, maana kila jaribio linachoma kile kidogo kilichobaki.

Lakini kuna watu wanateremsha giaboksi bure. Kama shida yako ni gia kukataa kuingia, au pedali kuzama hadi chini bila nguvu, kwanza fungua boneti uangalie mafuta ya klachi. Gari hili linatumia mafuta ya aina moja na ya breki, DOT 3. Kikopo kikiwa kitupu, kuna mahali yanavuja. Angalia ile silinda ndogo iliyo ubavuni mwa giaboksi: ukivuta mpira wake ukute umelowa, hiyo ndiyo mbaya. Kuibadilisha ni kazi ya asubuhi moja, na giaboksi inabaki mahali pake.

Sauti nazo zinasema. Kelele ikitokea unapokanyaga pedali, shuku beringi ya klachi. Kelele ikiwapo gari likiwa kwenye frii na miguu yako yote iko juu, halafu inapotea ukikanyaga klachi, shuku beringi ya ndani ya giaboksi yenyewe. Hiyo ya pili peleka kwa fundi.

Spea: usipigwe

Utanunua vitu vitatu kwa pamoja: sahani, presha pleti na ile beringi, ambayo kaunta wataiita rilisi beringi. Usijaribu kuokoa chapaa kwa kununua sahani peke yake. Kazi kubwa hapa ni kuteremsha giaboksi, si kufunga sahani. Beringi ya zamani ikianza kulia mwezi ujao, utarudi chini ya gari kuanzia mwanzo.

Ongeza sili ya nyuma ya krenki na zile sili mbili za giaboksi, mahali shafti zinapoingia. Ni raba za bei ndogo tu. Sili ya krenki ikivuja, oili itaingia kwenye sahani mpya nayo itaanza kuteleza kama ile ya zamani. Nunua pia oili ya giaboksi aina ya 75W-90. Giaboksi hii inakunywa karibu lita 2.

Kama uko Nairobi, wengi wataishia Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan. Spea za kweli zipo pale, na za bonoko zipo pia, wakati mwingine ndani ya pakiti inayofanana kabisa. Angalia maandishi kwenye chuma chenyewe, si kwenye karatasi pekee. Rivet za sahani zikae sawa, springi zisicheze ukizitikisa, beringi izunguke bila kukwaruza. Omba risiti yenye jina la duka na jina la spea. Mwenye duka akikataa kuandika risiti, hiyo peke yake inatosha kukutoa pale.

Tena usiseme tu "nipe ya Corolla". Injini za magari haya zimebadilishwa sana. Lako linaweza kuwa na injini tofauti na ile lililotoka nayo kiwandani, na aliyekuuzia hakukwambia. Soma namba ya injini, ipige picha. Kubaliana na mwenye duka kwamba sahani ikikataa utairudisha, ilimradi haijaguswa na oili. Ukishatoa ile ya zamani, ziweke pamoja: upana uwe sawa, na idadi ya meno katikati iwe sawa. Yahesabu, usikadirie kwa macho.

Hapa ndipo watu hufa

Sehemu hii usiiruke.

Corolla lina uzito wa karibu tani moja. Jeki ni ya kuinua tu, haikutengenezwa ibaki imebeba gari wakati mtu yuko chini. Sili ndogo ndani ya jeki ikipasuka, gari linashuka kabla hujamaliza kusema "we!". Mawe ya kujengea yanapasuka bila onyo. Tairi la zamani lililolazwa chini linateleza.

Unahitaji stendi za chuma, angalau mbili, zilizoandikwa uzito zinaobeba. Kama huna pesa za kununua, gereji nyingi za mtaa zitakukodisha kwa siku ukiacha kitambulisho au amana. Ukikosa stendi kabisa, makala haya yanaishia hapa kwako. Mpigie fundi. Sikutishi. Hakuna klachi inayostahili kifua chako.

Mahali pawe pa saruji, tena tambarare. Parking ya ploti yenye kokoto au udongo haifai, kwani stendi zitazama upande mmoja. Zungumza mapema na msimamizi wa ploti, umwambie gari litakaa juu siku mbili au tatu, usije ukaamshwa usiku ulisogeze na huku halina magurudumu.

Weka vizuizi vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Ukishaliweka gari kwenye stendi, lisukume kwa nguvu ukiwa umesimama nje. Kama ni la kuanguka, lianguke ukiwa nje. Kisha telezesha zile tairi ulizotoa chini ya mbavu za gari, ziwe ulinzi wa pili.

Na usifanye peke yako. Giaboksi hii ina zaidi ya kilo 30, umbo lake halishikiki, na itakuwa imejaa grisi. Ndugu yangu alikuwepo nilipoiteremsha. Bila yeye, ingeniangukia usoni.

Kushusha giaboksi

Kabla ya spana ya kwanza, toa simu. Piga picha kila kebo na kila waya kabla ya kufungua. Tafuta vikopo vitano au sita vya siagi au mtindi, kila kimoja kiwe na bolti za sehemu moja, uandike kwa kalamu ya maki. Bolti za giaboksi hazina urefu mmoja, na ukizichanganya utakuja kutoboa kitu.

Gari likiwa bado chini, anza na zile nati kubwa za katikati ya magurudumu ya mbele. Kwa Corolla hili ni soketi ya 30. Toa kwanza ile pini iliyopindwa, halafu mwenzako akanyage breki wakati wewe unafungua kwa mpini mrefu au kipande cha paipu. Ukisubiri gari liwe juu, gurudumu litazunguka nawe, tena utakuwa unalitikisa likiwa kwenye stendi.

Sasa inua, weka stendi, toa magurudumu ya mbele. Fungua betri ukianza na upande wa hasi, itoe pamoja na kitako chake. Toa pia boksi la kichujio cha hewa. Sasa unaiona giaboksi vizuri kutoka juu.

Fungua kebo mbili za gia, waya wa taa za rivasi, kebo ya spidomita na waya wa athi. Toa stata. Ile silinda ndogo ya klachi ifungue bolti zake mbili tu, uisogeze kando na kuifunga kwa waya, bila kukata paipu yake. Hivyo hutahitaji kutoa hewa baadaye. Mwambie kila mtu aliyeko nyumbani asiguse pedali ya klachi, maana akikanyaga, pistoni itachomoka na mafuta yote yatamwagika. Yale mafuta yanakula rangi ya gari, kwa hiyo yakidondoka yamwagie maji mara moja.

Ukitaka kumwaga oili ya giaboksi, fungua kwanza ile nati ya juu ya kujazia, halafu ndiyo ya chini ya kumwagia. Kuna watu wamemwaga oili yote, kisha wakagundua nati ya kujazia imeshika kutu na haifunguki. Utakuwa na gari lisiloweza kwenda hata gereji. Oili hiyo ya zamani usiimwage kwenye mtaro, ipeleke gereji inayokusanya.

Kisha fungua bol jointi ya chini kila upande, vuta kitovu cha gurudumu nje na uchomoe shafti. Upande wa ndani, shafti inatoka kwenye giaboksi kwa kubanduliwa kidogo na chuma bapa. Usiivute kwa kushika upande wa nje, jointi ya ndani itaachana na utakuwa umejiongezea kazi.

Injini sasa inahitaji kushikiliwa. Weka jeki chini ya sampu na ubao mnene katikati, ili sampu isibonyee. Usiisukume juu, ishike tu. Toa lile chuma refu la katikati chini ya injini, kisha maunti za giaboksi. Jeki ya pili, au mikono ya mwenzako, iwe chini ya giaboksi.

Fungua bolti zinazoshikanisha injini na giaboksi. Ukidhani umemaliza na bado haitoki, usipige nyundo. Kuna bolti moja umeisahau. Iko daima. Yetu ilikuwa nyuma, upande wa stata, tukaitafuta saa nzima tukiwa na tochi ya simu mdomoni.

Ikiachia, ivute moja kwa moja bila kuipinda, hadi shafti yake itoke kwenye sahani. Usiiache ining'inie kwa shafti hiyo. Ishushe polepole, itelezeshe nje.

Ndani kuna vumbi, usilipulize

Utakuta vumbi jeusi kila mahali. Kwa miaka mingi sahani za klachi zilitengenezwa kwa asbesto, na kwenye gari kuukuu huwezi kujua nani aliweka nini. Vumbi la asbesto likiingia kwenye mapafu halitoki, na linaleta saratani. Vaa maski, lifute kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa hicho ukifunge kwenye mfuko ukitupe. Usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa.

Fungua bolti sita za presha pleti kidogo kidogo, moja upande huu na nyingine upande wa pili. Sahani itadondoka, iwe mkononi mwako. Ya kwangu ilikuwa imeisha hadi rivet zinaguswa na kidole.

Angalia uso wa flaiwili. Mikwaruzo midogo si neno. Ukiona madoa ya bluu, nyufa, au mfereji ambao kucha inakwama, itoe upeleke kwa watu wa mashine ya leithi waisawazishe. Ikiwa na ufa mrefu, tafuta nyingine. Ukiona oili nyuma ya flaiwili, badilisha ile sili ya krenki sasa hivi, ndiyo maana uliinunua.

Kosa langu

Hapa ndipo tulipoharibu.

Ilikuwa Jumapili jioni, mvua inanyemelea, na Jumatatu saa kumi alfajiri nilitakiwa kuwa barabarani. Sahani mpya ina pande mbili, nasi tuliiweka kwa haraka, tukafunga, tukarudisha giaboksi, shafti, kila kitu. Saa nne usiku nikawasha injini. Nikakanyaga klachi, nikajaribu gia ya kwanza. Krrrrr! Haingii. Ya pili, haingii. Injini ikizimwa, gia zote zinaingia kama siagi.

Tulikuwa tumeiweka sahani kinyume.

Katikati ya sahani kuna uvimbe wenye springi. Kwenye gari hili upande uliochomoza unatazama giaboksi, na ule bapa unatazama flaiwili. Mara nyingi upande huo umeandikwa maneno ya Kiingereza kwamba ndio wa flaiwili. Ukigeuza, ule uvimbe unagonga bolti za flaiwili na sahani haiachiliwi hata ukikanyaga pedali hadi chini. Maandishi yalikuwepo. Tuliyaona baadaye.

Jumatatu gari lilikuwa juu ya stendi. Niliwapigia wateja wangu sokoni mmoja baada ya mwingine. Tulishusha giaboksi tena Jumanne na Jumatano, mimi sina hamu hata ya kuongea na ndugu yangu, ingawa kosa lilikuwa langu. Wateja wengi walinielewa. Mama mmoja aliyekuwa akichukua magunia matatu kila wiki alipata mtu mwingine, na hajarudi hadi leo. Ukipiga hesabu hiyo, fundi angekuwa rahisi.

Kwa hiyo nisikilize: usifunge klachi ukiwa umechoka, na usiifanye siku moja kabla ya siku unayolihitaji gari. Jipe wikendi ndefu, na uwe na mpango wa usafiri kazi ikichelewa.

Kufunga upya

Safisha uso wa flaiwili na wa presha pleti mpya kwa dawa ya kusafishia breki. Presha pleti huja na mafuta ya kuzuia kutu, lazima yatoke. Osha mikono kabla ya kushika sahani, kwa kuwa kidole chenye grisi kinatosha kuifanya iruke ruke unapoondoka.

Weka sahani, hakikisha upande, halafu mwambie mwenzako naye ahakikishe. Piga picha. Ingiza kile kijiti cha plastiki kinachokuja na spea, kinachoiweka sahani katikati. Bila kijiti hicho, shafti ya giaboksi haitapata tundu lake na mtasukumana nayo hadi giza liingie.

Kaza zile bolti sita kwa mzunguko wa msalaba, kidogo kidogo, hadi nyuta-mita 19. Hiyo si nguvu nyingi. Azima spana ya kupima nguvu kama huna, kwa sababu mkono uliozoea nati za magurudumu utazikata bolti hizi.

Badilisha beringi, na upake grisi kidogo sana kwenye meno ya shafti na pale uma unaposhika beringi. Kidogo, yaani kama ya kupaka mdomo. Ikizidi itarushwa hadi kwenye sahani.

Inueni giaboksi iwe sawa kabisa na injini. Ikifika karibu na kukwama, mwenzako azungushe krenki taratibu kwa soketi ili meno yapatane. Inapaswa kufika hadi chuma kiguse chuma kwa mikono tu. Usitumie bolti kuivuta. Ukifanya hivyo utapinda sahani au kuvunja mdomo wa giaboksi, ambao ni alumini.

Rudisha mengine kinyume cha ulivyotoa, ukifuata picha zako. Sili mpya, shafti ziingie hadi usikie zimekaa, pini mpya kwenye zile nati kubwa. Jaza oili kupitia tundu la juu hadi ianze kuchuruzika, ndipo ufunge. Nati za magurudumu ni nyuta-mita 103, na uzikague tena baada ya kutembea kidogo.

Kabla ya kushusha gari, kanyaga pedali mara kadhaa. Washa, ingiza gia zote ukianza na ya kwanza, magurudumu ya mbele yakiwa hewani na hakuna mtu karibu nayo. Zote zikiingia kimya, shusha gari. Zunguka mtaani kwanza, usikimbilie barabara kuu.

Sasa itunze

Kilomita mia kadhaa za kwanza endesha kwa upole, usivute mzigo mkubwa, ili sahani izoeane na flaiwili.

Halafu acha tabia zile. Kwenye foleni ya Waiyaki Way usilale na mguu juu ya pedali. Ukisimama mlimani usilishike gari kwa klachi, vuta breki ya mkono. Kila dakika unayoning'inia hivyo, unaichoma. Mimi ndivyo nilivyoimaliza ya kwanza, halafu nikailaumu barabara.

Ukisoma yote haya ukaona si yako, kuna njia ya katikati ambayo vijana wengi hawaifikirii. Nunua spea mwenyewe, mtafute fundi anayekubali usimame karibu naye, na umwombe akuonyeshe sahani ya zamani na upande anaoweka mpya. Utalipa ufundi, lakini utajua kilichoingia kwenye gari lako. Na mara ya pili, labda utakuwa wewe unayeshika spana.

Mimi Alhamisi ile nilipita Mai Mahiu tena, magunia nyuma, gia ya tatu. Gari lilipanda. Ndugu yangu alikuwa kando yangu amelala, vidole bado vyeusi, na sikumwamsha mpaka Limuru.